Nani Kamtuma Huko Juu?

Wanaojibizana ni MUUGUZI wa wodi ya majeruhi, MWONGOZA WATALII aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kazi Kilimanjaro, BODABODA, na baadaye MZEE aliyechimba dhahabu Chunya. Wote ni watu wa Ilomba, jijini Mbeya.

MUUGUZI: Swali langu ni fupi. Mtu ana kazi, ana nyumba, ana watoto. Anachukua akiba yake, analipia safari ya kwenda mahali ambapo hewa haitoshi na baridi inakata vidole. Akifika anapiga picha, anashuka. Asipofika analetwa kwenye machela. Nani kamtuma? Mimi wodini sijawahi kumpokea mgonjwa aliyelipa nauli ili aumie. Huyu wa mlimani analipa.

MWONGOZA WATALII: Hapo ndipo mnapokosea, dada yangu. Nimepandisha watu Kilimanjaro tangu nikiwa mbeba mizigo, na sijakutana na mgeni aliyekuja kutafuta kifo. Anakuja na bima. Anakuja na vidonge vya ugonjwa wa mwinuko. Ananiuliza mara tatu kama mtungi wa oksijeni umejaa. Mtu anayetaka kufa hanunui soksi za sufu za bei ile.

MUUGUZI: Kama anaogopa, abaki chini.

MWONGOZA WATALII: Wewe ukipanda Hiace kwenda Tukuyu huogopi? Unaogopa, na unapanda, kwa sababu huko Tukuyu kuna kitu unakifuata.

MUUGUZI: Tukuyu yuko mama yangu. Kileleni yuko nani? Kuna ubao umeandikwa mita 5,895.

BODABODA: Mama, mimi niwasaidie. Haya mambo ni ya walioshiba. Mtu akishakula, akalala, akaamka akakuta hana la kuhangaikia, anajitafutia shida. Mimi shida yangu nimezaliwa nayo. Alfajiri natoka hapa Ilomba na ukungu, naingia barabara kuu pamoja na malori ya Tunduma, na breki za baadhi yao dereva mwenyewe hazijui. Mwambie huyo mgeni aje abebe abiria wawili kutoka Sae hadi Kabwe saa kumi na mbili asubuhi, ndipo atajua hatari ni nini. Na hapewi cheti.

MWONGOZA WATALII: Ni kweli. Lakini nikuulize kitu, mdogo wangu, na usinikasirikie. Jioni ukishamaliza hesabu ya bosi, abiria hamna, mfukoni una ya chakula. Nimekuona kwenye kile kipande cha lami mpya, wewe na wenzako wa kijiweni, mmelala kifudifudi juu ya matanki, mnashindana. Hiyo nayo ni njaa?

BODABODA: Ah, kaka. Ile ni starehe tu.

MUUGUZI: Starehe! Unajua nimewafunga plasta wangapi wa hiyo starehe? Na kofia ngumu imening'inia kwenye usukani.

BODABODA: Mama, ukivaa kofia hupati upepo.

(Tuseme ukweli: kuanzia hapa ile hoja ya walioshiba ilianza kuchechemea, ingawa mwenyewe hakuiacha.)

MUUGUZI: Haya, mmenisaidia. Kumbe ni ugonjwa mmoja, wa tajiri na wa maskini. Mwili unataka kushtuliwa.

MWONGOZA WATALII: Kwa bodaboda sijui. Mlimani hapana. Dada, ungeujua mlima ulivyo na uchovu usingesema hivyo. Siku sita, saba, mnatembea pole pole kama maandamano ya wazee. Asubuhi uji, mchana supu, jioni supu. Kichwa kinauma, chakula hakiliki, nguo zina unyevu, hujaoga. Usiku wa kwenda kileleni mnaondoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku, mbele unaona visigino vya mwenzako na mwanga wa tochi, basi. Anayetaka kushtuliwa angekwenda kuruka na parachuti, dakika chache kaondoka zake.

MUUGUZI: Umesema parachuti, na mimi hilo nimelisoma. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, kule Wales, waliwalinganisha wapanda milima na waruka parachuti. Waliofuata msisimko ni wa parachuti. Wa milimani walikuwa kundi jingine: watu ambao katika maisha ya kila siku, hasa na watu wao wa karibu, wanaona hawashiki usukani wa mambo yao wala wa nafsi zao. Mlimani wanaupata. Sasa kwa lugha ya wodini kwangu, huyo ni mtu aliyekimbia nyumbani. Kaacha mazungumzo na mke wake, kaenda kuzungumza na barafu.

MWONGOZA WATALII: Wapo. Nimewabeba wenye talaka, nimewabeba waliofiwa. Lakini neno lile la usukani usilipite haraka. Mtu anafanya kazi miaka ishirini kwenye ofisi ambayo hajui kama asipokwenda kesho kuna kitakachoharibika. Mlimani akikosea kufunga kamba ya kiatu anaona matokeo yake saa ileile. Akinywa maji vizuri, anaona. Mwili wake na akili yake vinakuwa na kazi inayoonekana.

BODABODA: Hiyo kazi inayoonekana tunayo tele hapa. Aje apalilie viazi.

MUUGUZI: Wala tusisahau jambo hili lilikotoka. Wachagga wameishi chini ya mlima ule vizazi na vizazi, wamechimba mifereji, wamelima migomba, na sijasikia kwamba walikosa usingizi kwa ajili ya kilele. Akaja Mjerumani, Hans Meyer. Mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika, akakamatwa na wapiganaji wa Abushiri waliowapinga Wajerumani huko pwani. Mwaka 1889 akarudi, akafika na mwenzake Purtscheller, na la kwanza alilolifanya ni kukipa kilele jina la mfalme wake. Mimi naona jibu liko hapo: watu wanapanda ili waandike jina.

MWONGOZA WATALII: Na nani aliwaonyesha njia? Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye anayetajwa siku zote. Watu wa huko walikuwa wanaujua mlima. Na lile jina la mfalme limekwenda wapi? Tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge pale juu, kilele kikaitwa Uhuru. Mbona hilo hukuuliza nani kamtuma?

MUUGUZI: Nyirenda alitumwa na nchi. Ulikuwa usiku wa uhuru. Hatari yake ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa sisi sote.

MWONGOZA WATALII: Na Wilfred Moshi, aliyekuwa kiongozi wa wageni Kilimanjaro kama mimi, mwaka 2012 akawa Mtanzania wa kwanza kusimama juu ya Everest. Huyo naye alitumwa na nani? Hakuna aliyemtuma. Sisi tuliokuwa tunabeba mabegi ya wageni tulisikia habari ile tukatembea wima wiki nzima. Dada, miaka yote mtu wa hapa akionekana mlimani anajulikana kuwa ni mbebaji. Yule alikwenda kama mwenye safari.

BODABODA: Hiyo nimeielewa.

MWONGOZA WATALII: Kuna Mwingereza mmoja, Mallory, alipoulizwa kwa nini anataka kuupanda Everest alijibu kwamba ni kwa sababu mlima upo.

BODABODA: Hata Loleza hapa kwetu upo. Mbona hakuja?

MUUGUZI: Alirudi, huyo Mallory?

MWONGOZA WATALII: Hapana. Alifia huko mwaka 1924. Mwili wake ulionekana mwaka 1999.

MUUGUZI: Miaka 75. Jibu zuri, lakini mke wake alilielewaje?

MWONGOZA WATALII: Sina la kusema hapo.

MUUGUZI: Basi nikupe na wa jirani, usije ukasema nachagua Wazungu. Cheruiyot Kirui, Mkenya, mfanyakazi wa benki, mtu wa milima hasa, si mgeni wa mambo hayo. Mei 2024 alikwenda Everest, mita 8,849, akataka kufika bila oksijeni ya mtungi. Ilielezwa kwamba karibu na kilele alikataa kugeuka, akaikataa na oksijeni aliyopewa. Akafa huko. Familia yake ikaamua abaki mlimani alikolala, kwa sababu kumshusha kungehatarisha maisha ya wengine. Mimi naiheshimu sana familia ile. Lakini kuna mtu wa pili katika habari hii, na watu wakiisimulia wanampitia juu juu. Mwongozaji wake, Mnepali, Nawang. Naye hakurudi. Nieleze: Nawang alikuwa anatafuta usukani wa nafsi yake?

(Mwongoza watalii alikawia kujibu. Alipojibu hakumtazama muuguzi.)

MWONGOZA WATALII: Nawang alikuwa kazini.

MUUGUZI: Ndiyo. Alikuwa kazini. Na ile helikopta ya Desemba 2025, iliyopanda Kilimanjaro kuchukua mgonjwa ikaanguka, wakafa watano? Watalii wawili, daktari, rubani, na mwongozaji. Wewe hesabu mwenyewe: wangapi kati yao waliamka asubuhi wakisema leo nakwenda kujitafuta? Kwa hiyo msiniambie hatari ni ya mtu binafsi, kwamba ni maisha yake na fedha yake. Anayejirusha huwa kashikana mikono na mwingine ambaye hakuulizwa.

BODABODA: Na wale wabebaji. Mama kanikumbusha. Kaka, wewe ulianza hivyo, wanawaita wagumu, si ndiyo? Mgeni ana koti la manyoya na fimbo mbili. Mgumu ana kilo 20 kichwani na viatu vya kuazima. Hatari moja, mlima mmoja. Mmoja anaitwa shujaa, mwingine anasubiri bakhshishi. Ndiyo maana mimi nikasema mambo ya walioshiba, mkaniona mjinga.

MWONGOZA WATALII: Hukuwa mjinga. Mimi nilipanda mara ya kwanza na sweta la shule. Usiku tulilala kwenye hema la kupikia tukakumbatiana kama watoto wa mbwa, na asubuhi nikamchukia kila mgeni aliyekuwa pale. Nilikwenda kwa ajili ya fedha, sina jingine la kudai. Wengi waliokuwa pamoja nami ni hivyo hivyo, na ninaposema mlima ni mzuri siwasemei wao.

MUUGUZI: Kwa hiyo tumekubaliana.

MWONGOZA WATALII: Bado. Kwa sababu baadaye nilipata leseni, nikaongoza, na ikatokea kitu ambacho sikukitarajia. Kazi yenyewe nikaipenda, tena ile sehemu ya hatari. Ngoja nieleze msinielewe vibaya. Usiku mmoja juu ya Barafu nilikuwa na mgeni, mwanaume mzima, tajiri, safari kaiandalia mwaka mzima. Tumebakiza mwendo wa saa mbili hivi. Akaanza kutembea kama mlevi. Nikamuuliza siku ya leo, akanitajia jina la mbwa wake. Dada, wewe unajua hiyo ni nini.

MUUGUZI: Ubongo unavimba.

MWONGOZA WATALII: Nikasema tunashuka. Akakataa. Akalia. Akaniambia atanilipa mara mbili, akaniambia atanishtaki kwa kampuni. Msaidizi wangu alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa na ada ya watoto shuleni. Nikamgeuza. Tulimshika mikono, tukashuka naye, na mita kama 600 chini akaanza kuniita kwa jina langu. Sasa nisikilizeni. Chini huku, tangu nizaliwe, ni nani aliwahi kunisikiliza nikisema hapana? Karani wa kijiji? Mwenye nyumba? Kule juu neno langu, mtu wa Ilomba asiyemaliza kidato cha nne, lilisimamisha fedha. Mgeni anafuata kilele, sawa. Mimi nilichokipata ni lile neno.

MUUGUZI: Hiyo ni hadithi ya kugeuka, mdogo wangu. Umenisifia mtu aliyeiacha hatari, si aliyeifuata.

MWONGOZA WATALII: Bila kwenda huwezi kugeuka.

MUUGUZI: Maneno.

BODABODA: Lakini mama, si kazi yake ndiyo hiyo? Na huko kwenyewe kuna sehemu ambayo mtu hata akigeuka haimsaidii. Wewe kaka mwenyewe ulinisimulia ile njia ya mawe.

MWONGOZA WATALII: Western Breach. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale, Wamarekani watatu wakafa. Njia ikafungwa. Ikafunguliwa tena mwaka uliofuata, na wapo wanaoiomba kwa jina. Wengine wanaiomba kwa sababu wamesoma habari za yale mawe. Hao siwatetei.

MUUGUZI: Walau umefika mahali pa kutomtetea mtu.

MZEE: Wanangu, mmesema sana, na mmesema kana kwamba kuna watu wa njaa upande huu na watu wa starehe upande ule. Mimi ningependa mniweke upande wangu, kama mtauona.

BODABODA: Karibu, mzee.

MZEE: Nilichimba Chunya. Itumbi, Matundasi, na kwingine ambako leo pamerudi pori. Dhahabu ya kule ilianza kuwaita watu miaka ya 1920, enzi za Waingereza, wakati wa dhahabu ya mto Lupa. Baba yangu mdogo alikwenda kwa miguu. Mimi nilishuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kwa kamba, chini kabisa unasikia timba linalia, mti ule wa kuzuia kifusi, unasikia unalia kama mlango. Vijana wa sasa wana mashine. Sisi tulikuwa na masikio. Unazima tochi, unanyamaza, unasikiliza mwamba. Mwaka huo wa kwanza nilizika wawili. Mwenye duara alitoa jeneza na mchele.

Mnasema njaa. Nilikuwa na shamba la viazi kule Uporoto, ng'ombe wanne, na nyumba ya bati hapa Ilomba kabla Ilomba haijawa mji. Mke wangu alikuwa anauza mkaa na mambo yanakwenda. Sikuwa na njaa. Nilikuwa narudi Chunya kila nikishavuna, na nilikuwa nadanganya kwamba nakwenda kudai watu. Kwa nini? Huyu kijana kasema neno lake lilisimamisha fedha. Mimi kule shimoni nilikuwa fundi. Kuna watu walikuwa hawashuki mpaka nishuke mimi kwanza nikagonge ukuta. Huku juu nilikuwa mtu wa kusubiri. Unasubiri mvua. Unasubiri mbolea. Unasubiri lori la mnunuzi lije na lumbesa lake. Mwanaume anaweza kusubiri mpaka akaoza.

MUUGUZI: Na fedha, mzee? Usituambie hukuifikiria.

MZEE: Niliifikiria usiku na mchana! Nani kasema sikuifikiria? Lakini fedha ya dhahabu si fedha ya mshahara. Unakumbuka Juni 2020, Saniniu Laizer wa Mererani, mawe mawili ya tanzanaiti, moja kilo 9.27, jingine kilo 5.1, serikali ikamlipa bilioni 7.74 na Rais akampigia simu. Siku ile mimi tayari ni mzee, kifua kibovu kwa vumbi. Nilisimama. Mke wangu akaniambia, kaa chini. Na kabla ya hapo, mwaka 2015, wale watano wa Nyangalata, Kahama, waliofukiwa shimoni siku 41, wanakula mizizi na wadudu, wakatolewa hai, mmoja akafariki baadaye. Watu wote waliosikia habari ile walisema mmeona hatari ya mashimo? Sisi wa Chunya tulisikia kitu kimoja: wametoka.

BODABODA: Siku 41 na wametoka. Mh.

MUUGUZI: Mnaona? Mtazameni uso wa kijana huyu. Hiyo ndiyo sumu yenyewe. Mzee anasimulia makaburi, kijana anasikia ushindi.

MZEE: Si kosa la kijana, mama. Mimi pia nilisimuliwa hivyo hivyo.

MUUGUZI: Na mkeo, baba, aliyekuambia kaa chini. Ile miaka uliyokuwa unamdanganya unakwenda kudai watu, yeye alikuwa anaamini?

MZEE: Hakuamini hata siku moja. Alikuwa ananifungia chakula cha siku mbili wakati deni nililomtajia lilikuwa la hapo Uyole.

MUUGUZI: Basi ngojeni na mimi niseme la kwangu, maana tangu tuanze mnaongea wanaume na mnaongea kwa sauti ya watu waliokwenda vitani. Kuna mlima mmoja wanawake wa hapa wanaupanda bila kuulizwa kama wana roho ngumu. Kabla sijahamia majeruhi nilikaa wodi ya wazazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai laki moja. Ule wa 2022 ukaleta 104. Mmelisikia hilo? Kutoka 556 hadi 104. Sijaona watu wamejipanga barabarani kupiga makofi. Hakuna aliyetengeneza filamu. Kazi ile ilifanywa na watu wa kupima presha, watu wa kusafisha vifaa, watu wa kutafuta damu saa nane usiku na gari la wagonjwa halina mafuta. Tulikuwa tunapunguza hatari. Ninyi mnaizidisha kwa hiari, halafu mnarudi na simulizi, na simulizi inakaa mezani muda mrefu kuliko takwimu yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Vidole vilivyokatwa na baridi ni jambo dogo.

(Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Nadhani halipo.)

MWONGOZA WATALII: Dada, siwezi kushindana na hilo, na sitashindana. Ila unanifanya niwe adui wa kazi yako, na mimi naona tuko karibu kuliko unavyosema. Kupima presha, kusikiliza, kujua saa ya kusema hapana: ndiyo kazi yangu. Hatari ya mlimani inaonekana, kwa hiyo watu wanaipima. Unaamka unapimwa oksijeni kwenye kidole, jioni unapimwa tena. Hatari ya barabara hii hapa nje hakuna anayeipima, kwa sababu tumeizoea. Malori yanashuka Iwambi na gia huru kuokoa mafuta, na sisi tunavuka na watoto mgongoni. Nikimpeleka kijana mlimani, anajifunza kuiona hatari.

BODABODA: Ndiyo unachowaambia wale wanafunzi?

MUUGUZI: Ahaa. Nilikuwa nasubiri nani atalitoa. Ndiyo, wanafunzi. Binti yangu kaleta fomu nyumbani. Shule inapeleka watoto Mlima Mbeya, zaidi ya mita 2,800, mwongozaji ni huyu bwana hapa. Kwa hiyo msidhani tulikuwa tunabishana juu ya Wazungu.

MZEE: Kumbe.

MWONGOZA WATALII: Ni mlima wa siku moja, dada. Hakuna barafu, na hewa haikosekani kiasi hicho. Tumekaa chini ya milima hii maisha yetu yote, wanaokuja kuipanda ni wageni wenye ramani. Watoto wa Ilomba wanaijua Rungwe kwa picha ya kalenda. Na binti yako ndiye wa kwanza aliyeinua mkono.

MUUGUZI: Najua aliinua mkono. Ananisomea habari za Rawan Dakik, Mtanzania wa kike aliyefika Everest mwaka 2021, ananisomea wakati napika. Leo ni Mlima Mbeya. Kesho? Hili jambo lina ngazi, na hakuna ngazi iliyoandikwa mwisho. Wewe ulianza na sweta la shule.

BODABODA: Mama, lakini ukimzuia mlimani atapanda bodaboda kwenda kwenye sherehe ya Mwanjelwa. Na bodaboda mwenyewe ni mimi.

MUUGUZI: Wewe nyamaza, tena leo nakutafutia kofia.

MZEE: Mimi ningemwacha aende. Lakini mimi ni mtu mbaya wa kuulizwa.

MUUGUZI: Ukungu ukishuka mko mgongoni mwa mlima, unafanyaje?

MWONGOZA WATALII: Tunakaa pamoja, tunashuka kwa njia tuliyopandia. Saa sita mchana, popote tulipo, hata kama tumebakiza hatua mia, tunageuka.

MUUGUZI: Na mwalimu wa msafara akisema watoto wamelipia, tumalizie tu?

MWONGOZA WATALII: Tunageuka.

MUUGUZI: Na binti yangu akilia? Maana atalia, namjua.

MWONGOZA WATALII: Atalia huku anashuka.

MUUGUZI: Iandike hapa, nyuma ya fomu. Saa sita, popote mlipo. Na kwamba neno la mwisho ni lako na si la mwalimu. Weka saini.

MWONGOZA WATALII: Nimeweka. Haya, kalamu hii, saini na wewe.

MUUGUZI: Sijasema nasaini. Nimesema andika.